Mtahiniwa Mwenye Koti Jeupe

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mawe makubwa yaliyo nyuma ya kijiji cha Ihanja, Janeth alifagia uwanja, akawafungulia kuku, kisha akapuliza makaa ya pasi. Kazi ya kupiga pasi koti jeupe la mama yake alikuwa ameiomba mwenyewe. Alilinyoosha kuanzia kola hadi mifukoni, akalitundika mlangoni, ndipo akamwosha uso mdogo wake Moses na kwenda naye shuleni.

Mama yake, Martina, alikuwa tabibu katika kituo cha afya. Alisomea kazi hiyo chuoni kwa ngazi ya stashahada, na sasa alikuwa ameifanya kwa miaka mingi. Watu wa Ihanja walimwita daktari. Walimsimamisha sokoni, walimsimamisha barabarani, hata kanisani walimwonyesha watoto wenye vipele. "Shikamoo, daktari," vijana walimwamkia, naye akajibu, "Marahaba. Lakini mimi ni tabibu, wanangu. Daktari bado." Watu walicheka wakaendelea kumwita daktari.

Janeth alikuwa darasa la tano. Alipenda sana kuitwa mtoto wa daktari.

Siku moja, mwezi wa Mei, mama yake alirudi nyumbani mchana amechoka sana. Alikuwa amemsindikiza mama mjamzito kwa gari la wagonjwa hadi hospitali ya mkoa, mjini Singida. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni na ilihitajika operesheni.

"Wamepona?" aliuliza baba, Mzee Manase, aliyekuwa akipura alizeti uani.

"Wamepona wote wawili, Mungu ni mwema," mama alijibu. Alikaa kwenye kigoda, akavua viatu. "Lakini Baba Janeth, njia nzima nilikuwa nimemshika mkono tu. Nilijua shida yake ni nini, na nilijua inatibiwaje. Ila mimi sijafundishwa kupasua. Nilimfikisha mlangoni, madaktari wakampokea, mimi nikabaki kwenye benchi nikiomba. Je, siku barabara ikiwa mbaya? Je, siku gari likiwa halipo?"

Baba aliendelea kupura, lakini polepole.

"Nataka kuomba nafasi ya kusomea udaktari," mama alisema.

Mwezi wa Juni, Emilian alikuja likizo. Alikuwa mtoto wa dada yake Martina, kijana mrefu aliyekuwa amemaliza kidato cha tano na ambaye tangu utotoni hakuwa na ndoto nyingine ila udaktari. Jioni ya kwanza, wakila ugali wa mtama na mlenda, mama alimweleza nia yake. Emilian aliacha tonge mkononi.

"Mama mdogo, kumbe tutaomba pamoja! Mimi napita ile njia ya moja kwa moja. Mwakani nafanya mtihani wa kidato cha sita, Fizikia, Kemia na Baiolojia. Nikifaulu vizuri, naomba chuo kikuu. Na wewe una stashahada ya utabibu, tena ulifaulu vizuri sana. Vyuo vikuu vinapokea matabibu pia."

"Nimeshaulizia," mama alisema. "Stashahada yangu wanaikubali. Nimekwama kwenye jambo moja. Wanaangalia pia masomo ya kidato cha nne, na Hesabu nilipata F."

Janeth alimtazama mama yake kwa mshangao. Hakuwahi kufikiri kwamba mama yake aliwahi kufeli kitu chochote.

"Shuleni kwetu hatukuwa na mwalimu wa Hesabu," mama aliendelea. "Kuingia chuo cha utabibu hawakuidai, nikashukuru, nikaiacha hukohuko. Sasa imenifuata."

"Basi irudie," alisema Emilian. "Jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ufanye mtihani Novemba na kidato cha nne. Likizo hii yote mimi nitakufundisha."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila jioni meza ya kulia ilijaa karatasi. Emilian alikuwa mwalimu mkali. "Mama mdogo, hapa umesahau alama ya kutoa," alisema, na mama akashika kichwa na kucheka kama msichana. Baadaye wakageuza. Mama alimwuliza Emilian maswali ya Baiolojia, habari za moyo na mapafu na figo, akimpa mifano ya wagonjwa aliowaona bila kuwataja majina. Emilian alisema hakuna kitabu kilichowahi kumweleza figo namna ile. Janeth aliosha vyombo akiwasikiliza, na kwa wakati huo aliona jambo hilo ni zuri.

Mambo yalibadilika Emilian aliporudi shuleni. Mama alimwomba Mwalimu Yeremia, aliyefundisha Hesabu katika sekondari ya kata, amruhusu kuhudhuria masomo ya ziada ya jioni pamoja na wanafunzi wa kidato cha nne. Mwalimu alikubali kwa furaha. Basi jioni, akitoka kazini, mama alikwenda kukaa kwenye dawati la nyuma, katikati ya vijana wenye sare.

Habari hazikukawia kufika shule ya msingi.

"Janeth," alisema Raymond wakati wa mapumziko, mbele ya kundi zima, "kaka yangu anasema daktari anasoma nao darasani. Eti juzi aliitwa ubaoni akakosa!"

Watoto walicheka. Ritha, rafiki yake Janeth, alimgeukia. "Ni kweli? Daktari gani anasoma kidato cha nne?"

Janeth alihisi masikio yakimwaka moto. Maneno yalimtoka kabla hajayapima. "Si kweli. Anakwenda kuwafundisha mambo ya afya. Akimaliza anakaa nyuma kuandika ripoti."

"Na huko ubaoni?"

"Alikuwa anamsaidia mwalimu."

Ritha akaridhika, na kundi likatawanyika. Janeth alipumua. Lakini tangu siku hiyo hakuwa na raha. Ilimbidi aongeze uongo juu ya uongo. Waliuliza anafundisha afya gani, akasema malaria. Wakauliza mbona anabeba rula, akasema ya kupimia. Jioni mama alipomwambia, "Janeth, nishikie daftari uniulize kanuni hizi," alijibu kwamba kichwa kinamuuma. Mama alimgusa paji la uso, akaona hana homa, akamwachia akapumzike.

Novemba ilifika. Mvua za kwanza zilinyesha, na baba akaanza kulima kwa plau. Siku ya mtihani wa Hesabu, mama aliitwa kituoni alfajiri. Mama mmoja alikuwa anajifungua, na muuguzi aliyekuwa zamu alihitaji msaada. Aliondoka haraka kwa bodaboda, akausahau mkoba wake mweusi mezani. Kulipokucha alipiga simu.

"Kajifungua salama," alimwambia baba. "Nimechelewa, siwezi kupitia nyumbani. Mwambie Janeth aniletee mkoba kwenye geti la sekondari. Kitambulisho kimo humo. Bila hicho hawaniingizi."

Baba alimpa Janeth mkoba. "Shika vizuri, mwanangu. Nenda moja kwa moja. Mimi nitampeleka Moses shule, halafu niende shambani."

Janeth alikimbia. Alipofika karibu na sekondari, miguu ikasita. Getini kulikuwa na kundi la watoto wa shule ya msingi waliokuja kuwatakia heri kaka na dada zao. Raymond alikuwapo. Ritha naye alikuwapo.

Janeth alijificha nyuma ya mwarobaini. Alijiambia kwamba wataondoka sasa hivi, nao watachelewa shule wakibaki. Lakini hawakuondoka. Watahiniwa walipita mmoja mmoja, wakikaguliwa na msimamizi. Kisha bodaboda ikasimama, na mama yake akashuka, bado amevaa koti jeupe.

"Daktari kaja kuwaangalia wagonjwa," Janeth alimsikia Ritha akiwaambia wenzake.

Mama alizungumza na msimamizi. Msimamizi alitikisa kichwa. "Nakufahamu, mama, hata mwanangu ulimtibu," alisema kwa upole. "Lakini sheria ni sheria. Bila kitambulisho siwezi. Na mlango ukishafungwa, haufunguliwi tena."

"Mwanangu analeta," mama alisema. "Yuko njiani."

Alitazama barabarani. Janeth alijibana zaidi kwenye mti, mkoba kifuani. Kengele ililia. Uwanja wa sekondari ukawa kimya. Watahiniwa wote walikuwa ndani wakisubiri karatasi. Kati ya watahiniwa, mama peke yake alibaki nje ya geti. Hakugombana na mtu wala hakulia. Alikaa juu ya jiwe, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwakunjwa, na midomo yake ikaanza kucheza. Alikuwa anajisomea kanuni zake. Kila baada ya muda aliinua kichwa, akatazama barabara ambayo mtoto wake angetokea, kisha akarudi kwenye karatasi.

Janeth aliona macho yale yakitafuta barabarani. Yalikuwa hayana hasira hata kidogo. Yalikuwa ya mtu anayeamini kabisa kwamba mtoto wake anakuja.

Alitoka nyuma ya mti na kukimbia.

"Mama! Mama, mkoba wako huu hapa!"

Mama alisimama. "Ahsante, mwanangu! Umekimbia mpaka umetoka jasho. Ahsante sana!" Alitoa kitambulisho, msimamizi akakiangalia haraka na kumpisha. "Wahi, mama, bado unaruhusiwa. Chumba cha pili." Koti jeupe likapotea mlangoni.

Raymond alikuwa amekodoa macho. "Kumbe anafanya mtihani!"

Janeth alikuwa bado anahema. Angeweza kutunga kitu kingine. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alilimeza.

"Ndiyo," alisema. "Anafanya mtihani wa Hesabu wa kidato cha nne, kwa sababu alifeli zamani na anataka kusomea udaktari. Niliwadanganya. Hafundishi afya pale, anasoma."

Hakuna aliyecheka. Ritha alisema, "Mimi ningekuwa wewe ningewaambia watu wote." Hilo lilimuuma Janeth kuliko kicheko.

Jioni mama alirudi amechangamka. Mtihani haukuwa mbaya, alisema; maswali mawili tu yalimshinda. Alimshukuru tena Janeth mbele ya baba. "Bila huyu leo ningerudi na kalamu yangu. Mwanangu kaniokoa."

Janeth alishindwa kuvumilia. Alianza kulia. Alieleza kila kitu, uongo wa shuleni, kichwa kisichouma, na muda wote aliosimama nyuma ya mwarobaini akimwona mama yake juu ya jiwe.

Baba alikunja uso. "Janeth! Ilibaki kidogo tu mama yako akose mtihani, nawe umejificha?"

Mama aliinua mkono kumtuliza. Tabasamu lilikuwa limemtoka, na Janeth alitamani angepigwa kuliko kumwona hivyo.

"Ulinionea aibu?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama. Walikuwa wanakucheka. Nilidhani mtu mzima akirudi kusoma na watoto, basi watu watasema hajui kitu."

"Watasema kweli," alisema mama. "Hesabu nilikuwa sijui. Lakini nikuulize. Mgonjwa akija kwangu na ugonjwa nisioujua, nifanye nini? Nimdanganye kwamba naujua ili asinicheke?"

"Hapana. Utamwua."

"Basi. Kazi yetu inaanzia hapo, kusema sijui pale ambapo hujui, kisha kwenda kujifunza. Yule mwanafunzi anayenicheka nikikosa ubaoni hanidhuru. Uongo ndio ungetudhuru leo." Alimvuta karibu. "Umeniumiza, sikufichi. Lakini umekuja mwenyewe ukasema, na getini ukasema mbele ya wenzako. Hilo nalo nimelisikia. Nakusamehe."

Kesho yake Janeth alimwomba mwalimu wa darasa ruhusa ya kusimama mbele, akawaomba wenzake msamaha. Nyumbani alianza kufanya kazi kwa namna nyingine. Alijifunza kusonga ugali usio na madonge, akachukua zamu ya kumfundisha Moses kusoma, na jioni hakungoja kuitwa ashike daftari.

Matokeo yalitoka Januari. Baba alikwenda na simu hadi juu ya jiwe nyuma ya nyumba kutafuta mtandao, na wote wakasimama chini wakingoja. Ghafla alipiga kelele kwa Kinyaturu mpaka majirani wakatoka. Mama alikuwa amepata C. Alipiga magoti palepale uani akamshukuru Mungu, kisha akampigia Mwalimu Yeremia, kisha akauliza siku ambayo wanafunzi wa bweni wanaruhusiwa simu ili amshukuru Emilian.

Julai ilikuwa zamu ya Emilian. Alifaulu vizuri katika masomo yote matatu. Alikuja Ihanja na begi lake, wakakaa meza ileile, majirani wakishangaa kuona mtu na mama yake mdogo wakiomba vyuo pamoja kwa simu moja. Emilian aliingiza matokeo yake ya kidato cha sita. Mama aliingiza ya stashahada na ya kidato cha nne. Mama akaomba pia ruhusa ya masomo kazini.

Majina ya awamu ya kwanza yalipotoka, Emilian alikuwa amechaguliwa chuo kikuu kimoja jijini Dodoma. Jina la Martina halikuwapo.

Siku hiyo Emilian alishindwa hata kufurahi. Ni mama aliyekwenda bandani, akachagua jogoo, akamwita Janeth amsaidie kunyonyoa. "Kijana wangu kachaguliwa udaktari, halafu tulale na mlenda?" alisema. "Furaha yake ni yangu. Mimi nitaomba tena awamu ya pili." Janeth alimtazama mama yake akiimba huku akikaanga, na akaelewa kwamba haigizi, alikuwa anafurahi kweli kwa ajili ya mwenzake.

Aliomba tena. Awamu ya pili, jina lake likatoka. Chuo kilikuwa kilekile cha Emilian.

"Mama mdogo," Emilian alisema akicheka na kulia kwa pamoja, "sasa darasani nitakuita nani?"

"Utaniita hivyohivyo," mama alijibu. "Na ukikosa ubaoni, nitakucheka."

Kabla hawajasafiri, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, Mwalimu Aneth, aliwaalika wote wawili waongee na wanafunzi wakati wa gwaride la asubuhi. Alimwomba Janeth awatambulishe. Janeth alisimama mbele ya shule nzima.

"Huyu ni kaka yangu Emilian. Alisoma kidato cha tano na cha sita, akafaulu, akachaguliwa kusomea udaktari. Huyu ni mama yangu, Martina. Yeye alitoka kidato cha nne akasomea utabibu, akafanya kazi, akarudia Hesabu aliyofeli, na amechaguliwa chuo hichohicho. Nawashukuru wote wawili. Mama, nakushukuru zaidi."

Wanafunzi walipiga makofi. Raymond alinyoosha mkono. "Daktari, samahani, tabibu. Kati ya njia hizo mbili, ipi ni bora?"

Mama alimtazama Emilian, wakatabasamu. Kisha akasogea mbele.

"Swali zuri, Raymond. Ya Emilian ni fupi. Ukiweza kuipita hiyo, soma kwa bidii tangu sasa, usingoje kidato cha nne kama mimi. Lakini ukikwama, usikae chini ukasema yamekwisha. Uliza wanaojua, utafute pengine pa kupitia. Mimi nimezunguka mbali, na huko nilikozunguka nimejifunza kumshika mgonjwa mkono, jambo ambalo sitalisahau. Siku moja mgonjwa atalala kitandani mbele yetu. Hatauliza nani alifika mapema. Atataka tujue kazi yetu, na tumwambie ukweli. Kwa hiyo jifunzeni mambo hayo mawili hapahapa, kazi na ukweli, mkiwa bado wadogo."

Aliwatazama walimu na watoto waliopangana mistari.

"Na msiwasahau waliowasaidia. Mimi nimefundishwa Hesabu na mtoto niliyembeba mgongoni. Nimefundishwa na Mwalimu Yeremia bila kuchoka. Mume wangu amelima peke yake msimu mzima. Janeth amebeba nyumba. Hakuna hata mmoja kati yetu anayefika chuo kikuu peke yake. Ahsanteni sana."

Basi la Dodoma lilipita siku hiyohiyo kabla ya adhuhuri. Mwalimu Aneth aliwaruhusu Janeth na Moses watoke wakawaage. Mama aliwakumbatia, akampa baba mkono kwa muda mrefu, akapanda nyuma ya Emilian aliyebeba mabegi yote mawili. Basi likaondoka. Moses alianza kulia, na Janeth akamshika mkono.

"Tutampigia jioni," alimwambia. "Sasa twende, tuna kipindi cha Hesabu."